Siku Nilipomwitikia Mama

Betri iliyochoka ina harufu yake. Ukiianika juani juu ya bati ikapata joto, inatoa harufu ya chumvi kidogo na kutu kidogo, ambayo watu wengi hawaijui kwa sababu hawana sababu ya kunusa betri. Mwezi uliopita nilimkuta mjukuu wangu ameanika mbili za rimoti dirishani. Nikaichukua moja nikainusa, macho nimefumba. Mtoto akanitazama kwa wasiwasi, akadhani bibi ndiyo ameanza kuchanganyikiwa. Sikumweleza kitu. Yeye anapenda habari fupi, na hii si fupi, kwa hiyo nawaeleza ninyi.

Tulikaa Iyunga, nje ya mji wa Mbeya, miaka ya hamsini ikielekea mwisho. Iyunga ya siku hizo ilikuwa migomba, mahindi, na nyumba chache zilizoachiana nafasi. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa uani kwetu kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikuwa mtoto pekee. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi mmoja wa dhahabu kule Makongolosi, na kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani juu ya lori, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi soksi. Mgodi ulipoanza kuishiwa, mzungu aliyekuwa mkubwa wake alifunga virago akarudi kwao. Vile vitu alivyoshindwa kuvibeba alimwachia baba: koti la mvua, birika lisilo na kifuniko, na kinasa sauti.

Sisi tulikiita mashine tu. Lilikuwa sanduku la kijivu, zito kama debe la mahindi, lenye mkono wa kuzungusha ubavuni na betri nyingi tumboni. Ukifunua juu unakuta magurudumu mawili na utepe wa kahawia unaotoka hili kwenda lile. Betri zilipochoka baba alipanda ngazi akazianika juu ya bati la jikoni, zikapata nguvu ya wimbo mmoja, pengine mmoja na nusu. Tulijua kuwa wimbo unakwisha nguvu pale sauti ya baba ilipoanza kuwa nzito na ya polepole kama ya mtu aliyeshiba sana.

Nataka mnielewe: baba hakuwa mwanamuziki. Alikuwa na gita lililopasuka mgongo akaliziba kwa gundi ya mgodini, na alijua mitindo mitatu ya kuweka vidole. Kwa mitindo hiyo mitatu alitunga nyimbo zisizo na idadi. Alitunga wimbo wa lori lililokwama mlimani Chunya, wimbo wa mpishi wa kambini aliyeunguza ugali siku tatu mfululizo, na wimbo wa kunisifu mimi Tumpe kwa kung'oka meno. Mimi nilipiga chupa ya soda kwa msumari. Kuku walijialika wenyewe. Tulijaribu kuwafungia bandani, lakini jogoo wetu mmoja alikuwa na roho ya kwaya, na nadhani aliimba kwenye nyimbo nyingi kuliko baba.

Kazi yangu kubwa, niliyojivunia kanisani na kisimani, ilikuwa kubonyeza kitufe chekundu. Hicho ndicho kilichoingiza sauti ndani. Cheusi kiliitoa. Baba alinifundisha kwa maneno ambayo hadi leo nayasikia kwa sauti yake: "Ikisema, haisikii. Ikinyamaza, inasikiliza." Maana yake ni kwamba ukibonyeza chekundu usitegemee kusikia kitu, mashine iko kimya kwa sababu imekutegea sikio. Niliyashika maneno hayo kama katekisimu.

Sasa niwaeleze habari ya mama na babu, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Sisi ni Wanyakyusa, na kwetu enzi hizo mke wa mtu na baba mkwe wake hawakuonana. Si kwamba walichukiana. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa kazi ya kutwa. Mama akimwona babu kwa mbali njiani, alitoka njiani akaingia kwenye mahindi, akajifunika kitenge kichwani mpaka mzee apite. Babu naye alikohoa kila alipokaribia kona, ili asimfumanie. Babu alipofiwa na bibi, baba alimjengea kijumba ng'ambo ya migomba yetu, hatua kama mia hivi. Tangu hapo mama, ambaye alikuwa mwimbishaji wa kina mama kanisani na mwenye sauti ya kufika mtoni, hakuimba tena uani. Aliimba shambani, ng'ambo ya kijito. Kanisani babu hakufika kwa sababu ya miguu. Miaka kumi waliishi hivyo, na babu hakuwahi kuisikia sauti ya mkwewe hata ikisema "karibu."

Aliyepita katikati ni mimi. Nilibeba chakula cha babu asubuhi na jioni, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maharage, wakati mwingine kichwa cha samaki. Nilirudisha bakuli na salamu. Babu hakupenda kushtukizwa, kwa hiyo aliniambia niimbe nikiwa njiani ili ajue ni mimi na si mtu mwingine wa kumkimbia. Niliimba wimbo wowote uliokuwa mdomoni.

Siku moja babu alichukuliwa kwa gari kwenda msibani Tukuyu kwa siku mbili. Baba alikuwa nyumbani. Kabla ya chai kupoa tayari alikuwa amepanga mashine kwenye meza ya jikoni na kumfunga jogoo ndani ya tenga na gunia juu yake.

"Leo zamu yako, Mama Tumpe," akasema.

"Zamu ya nini? Mimi siwezi imba peke yangu kama mwehu. Wa kuitikia wako wapi?"

"Wewe toa mbele tu. Wanaoitikia tutawaingiza Jumapili ingine, wakija."

Mama alicheka, akafuta mikono kwenye kitenge. Wimbo wenyewe aliutunga yeye kwa ajili ya kina mama wa palizi. Yeye anaita mstari, wao wanajibu. Kule shambani aliita: jua limepanda, mko wapi? Wakajibu: tunakuja, tungoje. Aliita tena: umande umekauka, mko wapi? Tunakuja, tungoje. Mistari tisa, na majibu tisa yaliyofanana. Nilibonyeza chekundu. Mama alitoa mstari wa kwanza, kisha akanyamaza kiasi kile kile ambacho wenzake wangeitikia, akipiga mguu taratibu sakafuni, ndipo akatoa wa pili. Mimi nilikatazwa kufungua mdomo. Ilinikera sana. Kwetu mtu akianzisha wimbo ukakaa kimya, umemtukana. Ni sawasawa na kuamkiwa usiitikie. Nilikaa nimebana midomo mara tisa, nikimwonea mama haya.

Jumapili ile nyingine haikufika. Jumatano mama alishikwa na homa, Alhamisi akapelekwa hospitali kwa gari la jirani, na Jumamosi gari likarudi. Sina mengi ya kusema juu ya siku hizo kwa sababu sina mengi ninayokumbuka. Nakumbuka blanketi la kijani. Nakumbuka kwamba sufuria la maharage aliyoyainjika mwenyewe lilikuwa bado limefunikwa jikoni, na shangazi aliyamwaga kwa sababu yalikuwa yamechacha.

Sikulia. Msiba wetu ni wa kelele, kina mama wanalia kwa sauti na wanaume wanacheza ngoma mpaka vumbi linapanda, na katikati ya vishindo vyote hivyo mimi nilikaa kwenye kigoda nikitafuna mhogo. Nilikufa ganzi, ile ganzi ya mguu ulioukalia, unaugusa na kuona kabisa kuwa ni wako, lakini hausikii. Shangazi alinifinya paja akitaka machozi yatoke, watu wasiseme. Niliona vidole vyake vikifinya. Nilifikiri, hapa pataacha alama. Basi. Wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu, na mimi nikawaamini, nikabaki nikijua kuwa nina moyo mgumu kama mtu anavyojua kuwa ana miguu mirefu.

Baada ya matanga baba aliitoa mashine chini ya kitanda. Ilikuwa mchana, mvua imekatika, na matone yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye bati. Alikaa sakafuni, akabonyeza cheusi. Mama akaita, jua limepanda, mko wapi? Kisha kimya, na mguu wake ukipiga sakafu. Umande umekauka, mko wapi? Kimya. Baba alisikiliza mistari yote tisa akiwa ameinamisha kichwa, akazima, akarudisha utepe mwanzo, akatoka nje akaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Mimi nilibaki na mashine. Sikuhisi huzuni, nawaambia kweli. Nilichokihisi ni ile kero ya siku ile, imezidi. Mama alikuwa anaita mle ndani na hakuna anayemjibu. Wenzake wa palizi walikuwa wameshakwenda makwao na kanga zao za msiba, na Jumapili ya kuwaingiza wanaoitikia ilikuwa imepita, hakuna aliyeikumbuka. Ilikuwa haifai kabisa kumwacha hivyo. Na mimi nilijua sauti inaingia kwa kitufe kipi.

Nikavuta kipaza sauti karibu, nikabonyeza chekundu. Magurudumu yakazunguka. Mashine ikanyamaza, nami nikafurahi, maana ikinyamaza inasikiliza. Sikumsikia mama, wala sikutegemea kumsikia. Nilijua yumo, anapita pale chini ya kifuniko pamoja na utepe. Nikamfuata kichwani, neno kwa neno, nikipiga mguu kama yeye. Alipomaliza mstari wake wa kwanza nikaitikia: tunakuja, tungoje. Nikanyamaza, nikamwachia nafasi aite wa pili. Tunakuja, tungoje. Sikukosea hata mara moja. Majibu yote tisa niliyaweka mahali pake, tena kwa sauti safi, nikazima, nikarudisha utepe mwanzo kama baba alivyouacha. Nilijiona nimefanya kazi ya mtu mzima.

Ninyi mmeshajua nilichokifanya. Mimi sikujua kwa siku nne.

Siku ya nne, nikiwa nimepeleka chakula, babu aliniambia nimwite baba. Baba alipokuja, mzee alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake katikati ya magoti. Alisema polepole, akichagua maneno, kama mtu anayevuka kijito kwenye mawe.

"Mwanangu, nimekaa na mke wako miaka kumi. Amenilisha. Nguo zangu amefua. Sauti yake siijui. Wanasema mashine yako inayo."

"Inayo, tata."

"Sasa hayupo wa kuona haya, wala mimi sina wa kumwonea. Nisikilizishe. Nataka nimshukuru mtu ninayemjua."

Nadhani baba alikuwa anapima kama inafaa, maana hakukuwa na mzee wa kuuliza juu ya jambo kama hilo, mashine zilikuwa ngeni kuliko miiko. Mwishowe alisema ndiyo. Alizianika betri tangu asubuhi hadi adhuhuri, akaibeba mashine kupita kwenye migomba, nami nyuma nimebeba kigoda. Tulikuwa watatu tu mle ndani. Palikuwa na harufu ya moshi na ya ngozi ya ng'ombe aliyolalia mzee. Babu alivaa koti. Alikuwa amejipaka mafuta usoni, na niliona kuwa ameoga, kama mtu anayekwenda kukutana na mkwe.

Baba akabonyeza cheusi.

Ikaanza sauti ya utepe mtupu, ile kama mchele unaochekechwa mbali. Mguu ukapiga sakafu. Ulikuwa mguu mdogo. Nikasubiri jua lipande. Halikupanda. Ikapita nafasi ya mstari mzima, kisha ikatoka sauti ya mtoto, nyembamba, karibu sana na kipaza sauti: tunakuja, tungoje. Halafu kimya tena, mguu, na tena: tunakuja, tungoje.

Mkono wa baba ulinyanyuka kwenda kwenye kitufe, ukaishia njiani. Ukabaki hewani. Mimi nilitazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa na kamba ya katani badala ya kamba ya kiatu. Nilielewa palepale kwamba mama hayumo, na kwamba niliyemtoa ni mimi, na bado sikuhisi kitu. Vidole vyangu vilikuwa baridi, ndiyo tu. Nilihesabu majibu. Baada ya la tano nilitamani betri zife, lakini zilikuwa zimeanikwa vizuri.

Yalipofika tisa utepe ukaendelea kuchekecha peke yake. Babu alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akamtazama baba. Hakunitazama mimi.

"Ndiye?" akauliza.

Baba akaushusha ule mkono, akauweka gotini.

"Ndiye, tata."

Babu akatikisa kichwa kukubali mara kadhaa. Akaiinamia mashine, akaiwekea mikono miwili pamoja kama tunavyofanya tukipokea kitu kwa mkubwa. "Ndaga," akaiambia, ndiyo asante ya kwetu. "Ndaga fijo. Umenilisha vizuri." Kisha akasema kuwa amechoka na angependa kulala.

Njiani kurudi nilisubiri kipigo. Hakikuja. Baba hakuniuliza, hakunigombeza, siku ile wala nyingine. Alifika nyumbani, akautoa utepe, akauweka kwenye boksi lake, akachukua penseli na kuandika jina la mama juu yake, kwa herufi kubwa. Hakuupiga tena. Wala sikumwona tena akirekodi wimbo, ingawa gita aliendelea kulipiga mara mojamoja, mitindo ileile mitatu. Babu alikufa mwaka uliofuata, mvua za masika. Nilisoma, nikawa muuguzi, nikapelekwa kufanya kazi Iringa, hospitali ya Tosamaganga, na huko nikakaa.

Sasa nakiri kwenu jambo la aibu. Kisa hiki nilikifanya cha kuchekesha. Nilikisimulia kwenye harusi, kwenye mabweni ya wauguzi, popote walipohitaji kicheko: jogoo ndani ya tenga, betri juu ya bati, na mzee wa Kinyakyusa aliyejipaka mafuta akaishukuru mashine, akidhani amemsikia mkwewe kumbe kasikilizishwa mjukuu. Nilimwiga babu vizuri sana. Watu walishika mbavu. Na mimi nilicheka nao, moyo wangu mgumu haukunisumbua.

Mchana mmoja nilikuwa nakunja shuka za wodi na mwenzangu Yustina, Mhehe, mwanamke wa maneno machache. Yeye ameshika ncha mbili, mimi mbili, tunakutana katikati na kurudi nyuma. Nikamsimulia. Nikafika kwenye "ndaga fijo" na mikono miwili. Yustina hakucheka. Aliendelea kuinyoosha shuka.

"Huyo babu, masikio yalikuwa mabovu?" akauliza.

"Hapana. Alikuwa anasikia kuku akikanyaga jani."

"Na chakula alikuwa analetewa na nani?"

"Na mimi."

"Ukienda kimyakimya?"

"Hapana, alitaka niimbe, ili…"

Sikuimalizia. Asubuhi na jioni, tangu nilipoweza kubeba bakuli bila kumwaga, nilimwimbia yule mzee kutoka mlangoni kwetu hadi mlangoni kwake. Kama kuna sauti moja duniani aliyoijua hata usingizini, ilikuwa yangu. Aliitambua kwenye "tunakuja" ya kwanza. Alikaa akayasikiliza majibu yote tisa ya mjukuu wake, akajua sauti aliyoisubiri miaka kumi imefutika na haitarudi, akajua na aliyeifuta yumo chumbani amekaa kwenye kigoda. Swali lake halikuwa la kutaka kujua. Alimpa mwanawe nafasi ya kuchagua, na baba, ambaye wakati huo huo ndipo alipokuwa anampoteza mkewe mara ya pili, akachagua. Wawili wale walidanganyana uso kwa uso, kila mmoja akijua kuwa mwenzake anajua, ili mtoto wa miaka tisa asije akaishi na kosa lile. Na mtoto akaenda akakifanya kichekesho.

Baba alikuwa ameshakufa mwaka mmoja kabla. Sikuwa na wa kumwambia.

Yustina alisema, "Basi, dada, kaa kidogo," lakini nilikuwa nimeshakaa, chini, sakafuni. Sikujua kilio kinaanzia wapi mwilini, nilidhani ni kichefuchefu. Nilimlilia mama, kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, mpaka wagonjwa wakauliza nani amefariki. Ile shuka ilibidi irudishwe kufuliwa. Nilikuwa na miaka thelathini na minne.